Umeme Ukirudi: Historia ya Kuziamsha Kompyuta Kinondoni na Temeke

Bwawa la Mtera liko mpakani mwa Iringa na Dodoma, mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, lakini mwaka 2006 kina cha maji yake kilikuwa gumzo Mwananyamala, Manzese, Tandika na Mbagala. Ukame ulikuwa umepunguza maji ya mabwawa, na nchi wakati huo iliutegemea sana umeme wa maji. Shirika la umeme, TANESCO, likaanza mgao. Kadiri mwaka ulivyokwenda ukingoni, maeneo mengi ya jiji yalikosa umeme saa nyingi za mchana, siku baada ya siku. Kwenye siasa, mgao ule ulizaa mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond, na sakata la mkataba huo likamfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Hayo yameandikwa sana. Kisichoandikwa ni yale yaliyotokea dakika chache baada ya umeme kurudi, katika vyumba vidogo vya uchochoroni vyenye kompyuta sita au kumi na bango la intaneti kafe mlangoni.

Kuwasha kompyuta moja ni kazi ya kidole. Kuisimamisha kafe nzima kulikuwa na utaratibu wake. Ilianza modemu, au kifaa cha setilaiti ambacho dishi lake lilikuwa juu ya bati, ikafuata ruta, kisha swichi, na ndipo ikaja zamu ya mashine ya kaunta, iliyogawa intaneti kwa nyingine zote na kuhesabu dakika za wateja. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na msururu wa programu ambazo mteja hakuziona kamwe: ya kugawa anwani za mtandao, ya kuhesabu muda, ya kupambana na virusi, ya kupeleka kurasa kwenye printa. Kila moja ilitakiwa ianze yenyewe, kwa wakati wake, bila mtu kuiambia. Ikikosekana ya anwani au ya kuhesabu muda, kompyuta zote zilibaki zimefungwa na aliyelipia nusu saa akabaki anatazama kioo.

Aliyeubeba mzigo huo mara nyingi hakuwa fundi. Alikuwa dada wa kaunta, ambaye alionyeshwa mpangilio wa kuwasha, akaukariri, na akajifunza kwa mazoea ni sekunde ngapi asubiri kati ya ruta na seva. Simulizi za maendeleo ya teknolojia nchini hutaja mawaziri, wakurugenzi na kampuni. Dada huyu anastahili nafasi humo, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba jana fundi alibadilisha kitu na leo mashine haiamki kama ilivyozoea.

Kompyuta ya kwanza nchini haikuwa na tatizo la kuamka yenyewe, kwa sababu haikutarajiwa kufanya hivyo. Ilikuwa ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliuzwa na kampuni ya Uingereza, ingawa kwa asili ilikuwa mashine ya Marekani, RCA 301, iliyobadilishwa jina. Mashine za kizazi hicho ziliwashwa na waendeshaji wenye mafunzo maalumu: programu iliingizwa kwa kadi zilizotobolewa au kwa utepe, kazi ikafanyika, kisha ikaingizwa programu nyingine. Hakukuwa na huduma iliyokaa nyuma ya pazia ikimngojea mteja.

Baadaye zikaja mashine za ICL za mfululizo wa 1900, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikwenda vibaya. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na amri hiyohiyo ikazigusa runinga. Wakati huo kompyuta zote za Tanzania zilikuwa hazifiki kumi. Katika miaka iliyofuata vibali vilitolewa kwa taasisi moja moja, na mlango haukufunguka kabisa hadi katikati ya miaka ya 1990.

Miaka hiyo ishirini iligharimu kuliko inavyosemwa. Ndiyo miaka ambayo Unix, mfumo endeshi ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, ulikua na kuenea vyuoni na viwandani. Ndani ya Unix ndimo lilimokomaa wazo ambalo baadaye lingeamua riziki ya kafe za Tandika: mashine ikiwaka, kiini cha mfumo huanzisha programu moja tu, inayopewa namba 1, na hiyo ndiyo inayoanzisha nyingine zote. Mwaka 1983 toleo lililoitwa System V lililipangia wazo hilo taratibu zilizodumu miongo mitatu. Wakati vijana wa nchi nyingine wakikua pamoja na taratibu hizo, wengi wa Dar es Salaam walikutana nazo zikiwa zimeshazeeka, bila walimu wa kutosha, na hapohapo zikiwa karibu kubadilishwa.

Mtandao ulipofika ulifika haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Muhimbili walikuwa wakituma barua pepe kupitia mtandao wa HealthNet. Mwaka 1994 lililokuwa shirika la Posta na Simu liligawanywa, ikazaliwa TTCL, na mwaka huohuo Mobitel ikaleta simu za mkononi. CyberTwiga ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuuza intaneti. Kafe za mwanzo zilikuwa katikati ya jiji, maeneo ya Posta na Samora, zikihudumia watalii, wafanyabiashara na wanafunzi wenye uwezo. Mwaka 2000 jiji lilipogawanywa kuwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, biashara hiyo ilikuwa imeshaanza kutoka mjini kwenda Magomeni, Mwenge, Sinza, Chang'ombe na Mbagala. Sinza na Manzese zilikuwa Kinondoni wakati huo. Kuhamia kwao wilaya ya Ubungo ni jambo la miaka ya karibuni.

Mashine nyingi zilikuwa za mtumba. Zilikuja kwa kontena kutoka Ulaya na Dubai, zikiwa zimetumika ofisini miaka kadhaa, na zilikuwa na ugonjwa mmoja uliosumbua kuliko mwingine wowote: betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama ilikuwa imekwisha. Betri hiyo hutunza saa na mipangilio ya awali umeme usipokuwepo. Ikifa, kompyuta huamka ikiwa imesahau kila kitu, tarehe imerudi miaka ya nyuma, kisha inasimama na kuomba mtu abonyeze kitufe cha F1 ndipo iendelee. Kwa mashine ya mezani ya karani hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mashine ya kaunta ni kusimama kwa biashara yote, kwa sababu programu ya kuhesabu muda hukorogeka tarehe ikirudi nyuma na kurasa za benki na barua pepe hukataa kufunguka. Betri yenyewe ilikuwa ya bei ndogo, na bado wapo waliobadilishiwa hata kifaa cha kupokelea umeme kabla mtu hajaikumbuka.

Windows 98, iliyokuwa kwenye mashine nyingi za mwanzo, ilikuwa na njia za mkato za kuanzishia programu: mistari ya autoexec.bat iliyorithiwa kutoka DOS, folda ya kuanzia, na orodha iliyofichwa kwenye rejista. Njia nyingi kati ya hizo zilingoja mtu afike kwenye dawati la kazi la kompyuta ndipo zifanye kazi. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilikuwa ya ukoo mwingine, ukoo wa Windows NT. Iliwaletea mafundi wa uswahilini huduma zinazoanza kabla hata jina la mtumiaji halijaandikwa. Ukiiwekea huduma hali ya kuanza yenyewe, na ukaiambia mashine kwenye mipangilio ya awali ijiwashe kila umeme unaporudi, kafe ingeweza kusimama hata dada wa kaunta akiwa bado yuko njiani kutoka sokoni. Aliyeyajua hayo mawili alikuwa fundi wa kutafutwa.

Kisha yakaja masasisho, na kwayo likaja somo jingine. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilizunguka dunia nzima kikizifanya mashine za XP kujizima kila zinapoingia mtandaoni, na mwaka uliofuata kikaja Sasser chenye tabia hiyohiyo. Microsoft ikajibu Agosti 2004 kwa sasisho kubwa lililojulikana kama Service Pack 2. Liliziba mianya mingi, na pia liliwasha ukuta wa ulinzi wa Windows kwa kila mtu bila kusubiri kuombwa. Ulinzi huo ulihitajika, hilo halina ubishi. Lakini ukuta ulizuia maongezi kati ya mashine na mashine, na programu ya kaunta inaishi kwa maongezi hayo. Huduma ilianza kama kawaida, taa ziliwaka, orodha ilionyesha kila kitu kinafanya kazi, na kompyuta za wateja zikabaki zimefungwa. Ilibidi fundi ajifunze kutofautisha huduma iliyoanza na huduma inayofikika, na ni tofauti ambayo hadi leo huwapotezea muda hata waliosoma vyuo.

Sasisho hilo lilikuwa na ukubwa wa megabaiti 266. Kwa laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo kafe nzima ingeweza kuigawana, kulipakua kungechukua zaidi ya saa tisa bila kukatika kwa umeme wala mtandao, na hakuna mwenye kafe ambaye angekubali kufunga duka kwa ajili hiyo. Kwa hiyo masasisho yalisafiri kwa CD. Yalitoka Kariakoo yakavuka barabara za Kawawa na Mandela kwenye mifuko ya mafundi, yakiwa pamoja na nakala za XP zenyewe, dereva za kadi za sauti na antivairasi ya mwezi uliopita. Kazi ya kupiga Windows ikawa ajira kamili. Fundi alifika, akapiga Windows kwa muda wa saa moja, kisha akatumia saa tatu kurudisha vitu mahali pake: printa, programu ya kuhesabu muda, anwani za mtandao, huduma za kuanza zenyewe. Orodha ya vitu hivyo ilikaa kichwani mwake au kwenye daftari la mraba. Daftari lilipopotea, au fundi alipohamia Mwanza, orodha ilikwenda naye.

Hapo ndipo Linux, mfumo endeshi huria wa mtindo wa Unix, ilipopata wapenzi wake, wachache lakini wa kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliopata msaada wa Sida ya Sweden, ambao Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Oktoba ya mwaka huohuo lilikuwa limetoka toleo la kwanza la Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, yeyote aliyeomba CD za Ubuntu alitumiwa kwa posta bila malipo. Kwa kijana asiye na intaneti ya kupakulia, bahasha ile ilikuwa hazina. Kompyuta za wateja ziliendelea kuwa za Windows, maana mteja alitaka alichokizoea, lakini kompyuta ya mtumba iliyochoka ingeweza kuwekewa Linux, ikawekwa chini ya meza na kugawa intaneti kwa miaka.

Kilichoisumbua mashine hiyo ni kukatika kwa umeme ghafla. Diski zilizopangwa kwa mtindo wa zamani wa ext2 zilihitaji kukaguliwa zote kila mashine ilipozimika bila kuagwa. Ukaguzi ulichukua muda mrefu, na ukikuta kosa kubwa ulisimama na kudai nywila ya msimamizi kabla huduma yoyote haijaanza. Seva iliyofichwa chini ya meza bila kioo wala kibodi haikuwa na namna ya kulisema hilo. Mrithi wake, ext3, aliyeingia rasmi kwenye kiini cha Linux mwishoni mwa 2001, aliandika kwanza kwenye kumbukumbu ndogo kile alichokusudia kukifanya, ili umeme ukirudi aweze kurekebisha palipokatika kwa sekunde chache. Katika mambo yote yaliyobuniwa mbali na kuja kufaa Temeke, hili lilifaa kuliko mengi, na sifa yake haikusikika nje ya duara la mafundi.

Namna ya kuanzisha huduma ilikuwa bado ya System V. Kulikuwa na folda yenye hati fupi, kila moja imepewa herufi na namba: yenye 20 ilitangulia, yenye 80 ilifuata. Zilikwenda kama daladala za stendi ya Mbagala Rangi Tatu zinavyopakia kwa zamu. Iliyo mbele isipoondoka, ya nyuma inangoja. Mashine ikikosa anwani kutoka kwa ruta ambayo bado haijawaka, msururu wote ulisimama hapo hadi subira yake iishe. Mwishoni mwa msururu kulikuwa na faili moja, rc.local, ambapo fundi aliandika amri zake mwenyewe kwa mkono. Faili hilo lilipendwa mno. Halikuhitaji elimu, lilihitaji tu kujua amri uliyoitaka, na mara nyingi siri zote za kafe zilikuwa mle: mistari ya kugawa intaneti, ya kuzuia tovuti fulani, ya kuwasha programu ya kuhifadhi kurasa ili laini nyembamba isichoke.

Oktoba 2006, mgao ukiwa umepamba moto Dar es Salaam, Ubuntu 6.10 ilitoka ikiwa na Upstart, jaribio la kuachana na zamu. Upstart ilisikiliza matukio: kadi ya mtandao imeonekana, basi anzisha kinachoitegemea, diski imepatikana, basi endelea. Kwa jiji ambalo vifaa vyake huamka kwa mpangilio usiotabirika, wazo hilo lilikuwa sahihi kabisa. Hati za zamani ziliendelea kufanya kazi pembeni yake, na pengine kwa sababu hiyo watu wengi waliisasisha mifumo yao bila kujua kwamba chini ya sakafu nguzo ilikuwa imebadilishwa.

Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukafuata wa EASSy. Madishi yakaanza kushuka kutoka juu ya mabati. Intaneti ikapanuka, umeme haukupanuka nayo: mwaka 2011 mgao ulirudi, mkali tena. Katika mwaka huohuo kundi la wahandisi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, lilifanya mkutano na mafunzo yake Dar es Salaam. Madarasa ya kundi hilo yamefundisha kwa miaka mingi kwa kutumia FreeBSD, ambamo huduma zote zinazotakiwa kuanza zenyewe huorodheshwa kwenye faili moja la maandishi, rc.conf, mstari mmoja kwa huduma moja, ndiyo au hapana. Ni utaratibu mzuri kwa mwalimu na kwa mwanafunzi, kwa sababu mgeni anayeikuta seva hiyo husoma faili moja akaijua. Kama seva nyingi zaidi za vitongojini zingefungwa hivyo, pengine maarifa mengi yasingehama na mafundi.

Mkondo wa dunia ulielekea kwingine. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitangaza systemd, programu mpya ya kuanzisha huduma, na Mei 2011 Fedora ikawa ya kwanza kati ya matoleo makubwa ya Linux kuitumia. Debian ililijadili jambo hilo kwa uchungu. Februari 2014 kamati yake ya ufundi iligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya turufu ya mwenyekiti ikaipa systemd ushindi. Aprili 2015 Debian 8 ikatoka nayo, na Ubuntu ikafanya hivyohivyo mwezi huohuo. Waliopinga walisema chombo kimoja kinameza kazi nyingi mno. Waliounga mkono walionyesha kwamba huduma sasa zinaanza kwa pamoja badala ya kupanga foleni, kwamba iliyokufa inaweza kuinuliwa yenyewe, na kwamba kumbukumbu ya kilichotokea wakati wa kuwaka inasomeka mahali pamoja.

Kwa mashine za Dar es Salaam hoja za upande wa pili zilikuwa na uzito zaidi, ingawa mpito wenyewe uliumiza. Waliokuwa na Ubuntu 14.04, toleo la kudumu miaka mitano, walipopanda kwenda 16.04 walivuka kutoka Upstart hadi systemd katika hatua moja. Mafaili ya Upstart yaliyoandikwa kwa mkono yalibaki kwenye folda yake yakiwa salama, ila hakuna tena aliyeyasoma. Mashine iliwaka, haikulalamika, na huduma haikuwepo. Rc.local lilivumiliwa kwa sharti kwamba liwe na ruhusa ya kutekelezwa, kwenye 18.04 iliyofungwa upya halikuwekwa kabisa, na aliyeliunda bila kulipa ruhusa hiyo alilikuta limepuuzwa. Lililotakiwa sasa ni kuandika faili dogo la huduma, kutaja inakopatikana programu na inachokisubiri, kisha kuiambia systemd iiandikishe ianze kila mashine inapowaka. Kuanzisha huduma leo na kuiandikisha kwa kesho vikawa vitendo viwili, na aliyefanya kimoja alidhani amemaliza hadi umeme ulipokatika.

Kulikuwa na mtego mwingine ndani yake, ambao ni wa uswahilini hasa. Systemd hutofautisha mtandao uliosimikwa na mtandao unaofikika. Mashine yenye kasi huweza kumaliza kuamka wakati ruta ya mtumba bado inajikongoja, na huduma iliyopangwa kuanza baada ya mtandao ikaanza baada ya mtandao wa jina tu. Ikajaribu mara moja, ikashindwa, ikajifia. Dawa ipo: kuifanya isubiri hadi mtandao ufikike, na kuiambia ijaribu tena kila baada ya muda. Zile sekunde ambazo dada wa kaunta alizikariri mwaka 2006 sasa ziliandikwa ndani ya faili.

Kwa upande wa Windows nako mambo yaligeuka. Toleo la 8, la Oktoba 2012, lilileta uwashaji wa haraka: ukizima kompyuta, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa. Zima uwashe, ushauri uliotibu nusu ya maradhi ya kompyuta za Kinondoni, ukapoteza nguvu yake, kwa kuwa kuanza upya kwa kweli kulihitaji kuchagua kuwasha upya na si kuzima. XP yenyewe ilifikia mwisho wa msaada tarehe 8 Aprili 2014, ikiwa bado ipo kwenye vioo vya kafe nyingi.

Kafe zenyewe zilikuwa zinakwisha. Simu janja zilichukua wateja wa barua pepe na mitandao ya kijamii. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye kafe waliobaki kufunga kamera za ulinzi na kutumia anwani za mtandao zisizobadilika, gharama ambayo chumba cha kompyuta sita kisingeweza kuibeba kirahisi. Ila vyumba havikufungwa. Vikageuka steshenari. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu, udahili wa vyuo, ajira za serikali, matokeo ya mitihani, vyote viliingia mtandaoni, na mzazi wa Yombo au Tandale asiye na kompyuta anamhitaji mtu wa kumjazia fomu, kumpigia picha, kumchapia na kumtolea kopi. Kompyuta ni mbili badala ya kumi, lakini siku ya mwisho ya maombi kukwama kwake kunaweza kumgharimu kijana mwaka mzima. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama na vichakataji vipya ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina. Mwenye steshenari anabaki na uamuzi mgumu kuliko ule wa 2014.

Mwaka 2024 sasisho lilifika hadi kwa wasiogusa kompyuta. Mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zikihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilitosha dakika 16,777,216 tu, zilizokuwa zikiisha tarehe 24 Novemba 2024. Kila mita ilipaswa kupewa ufunguo mpya kabla ya siku hiyo. TANESCO haikuweza kulifanya kwa mbali. Mteja alinunua umeme, akapewa tarakimu za ziada, akaziingiza mwenyewe kwa kidole, ishirini kisha ishirini nyingine, ndipo tarakimu za umeme zikafuata. Mabibi wa Keko na vijana wa Bunju walisasisha mfumo wa kifaa chao, kwa mpangilio ambao ukikosewa kifaa hukataa, na jiji likavuka.

Katika vitongoji hivyohivyo biashara ya intaneti ya rejareja imerudi kwa sura nyingine: Wi-Fi ya vocha. Mtu hufunga antena juu ya nguzo, akaweka ruta ya MikroTik ndani, na majirani hununua vocha za saa au za siku. Ruta hiyo ina mfumo endeshi wake, RouterOS, na ina kipanga ratiba kinachoweza kuambiwa kitekeleze hati fulani kila kifaa kinapowaka. Toleo la 7, lililoanza kutolewa kama toleo thabiti Desemba 2021, liliandika upya sehemu inayotunza wateja na vocha. Aliyepanda kutoka toleo la 6 bila kuhamisha kanzidata yake ya zamani aliikuta ruta imewaka vizuri na wateja wenye vocha halali wakiambiwa hawajulikani.

Mafundi makini wa kazi hii wana utaratibu. Kabla ya kusasisha hutoa nakala ya mipangilio yote na kuihifadhi nje ya ruta, kwenye simu na kwa mwenye biashara. Hufanya kazi alfajiri, wateja wakiwa wachache. Na wakimaliza, wakishaona kila kitu kinafanya kazi, hawaondoki: huchomoa waya wa umeme kwa makusudi, wakasubiri, wakaurudisha, kisha wakanunua vocha yao wenyewe kwa simu isiyo yao na kuangalia kama inaingia.